Mama Vifaranga na Tochi za Uongo

Nianze kwa kukiri, maana nikichelewa nitaonekana mnafiki: tochi ile niliinunua mimi. Niliinunua kwa fedha zangu, nikaifunga kwenye karatasi ya zawadi, nikampelekea shemeji yangu, mke wa kaka yangu, kisha nikasimama mlangoni kichwa kimevimba, nikingoja kushukuriwa. Leo mtu akiitaja mbele yangu damu inanichemka.

Shemeji yangu mtaa mzima unamwita Mama Vifaranga. Hata wanawe wa kuwazaa mwenyewe wakitaka kumtania humwita hivyo hivyo. Kazi yake ni kutotolesha mayai ya watu. Wewe una kuku wako watano na jogoo, na huna subira ya kungoja kuku aatamie. Unamletea mayai, anayaandika alama kwa penseli, anayapanga kwenye mashine, na siku ya ishirini na moja unakuja na boksi kuchukua vifaranga. Mashine yenyewe ni sanduku la mbao nililolitengeneza mimi, kwa kuwa ni seremala, na ubavuni lina taa ya mafuta inayopasha bomba la maji. Umeme haujafika kwake. Nguzo ziliishia barabara ya pili, na kila mwaka tunaambiwa zinakuja. Chumba cha mashine hakina dirisha, kinanuka mafuta ya taa na manyoya, na ukiingia humo bila kuvua viatu utayasikia ya kusikia.

Sasa angalia ugumu wa kazi hiyo. Yai huwezi kulifungua ukachungulia. Siku ya saba na siku ya kumi na nne Mama Vifaranga hujifungia chumbani, huweka mdomo wa tochi juu ya kila yai likiwa palepale kwenye trei, na yai linawaka lote kwa ndani. Likiwa hai utaona mishipa myembamba myekundu imetapakaa, na ukitulia utaona kitu kinachezacheza. Likiwa kavu, yaani halina mbegu ya jogoo, ni njano tupu. Likiwa limekufa, ni giza tu limekaa chini, halina mshipa hata mmoja. Hayo yaliyokufa lazima yatoke, kwa sababu yai viza likipasuka kwenye joto lile linachafua trei nzima na wengine wanafia ndani ya maganda. Kwa hiyo kazi yote inategemea tochi. Akiona vibaya, anaua.

Kwa miaka alikuwa na tochi ya chuma ya betri mbili kubwa, zile za redio. Mdomo wake aliuzungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili mwanga usivuje pembeni ya yai. Balbu ilipoungua alitafuta nyingine duka kwa duka, akaambiwa balbu hizo hazitengenezwi tena. Ndipo mimi mwenye akili nyingi nikaingia dukani.

Niliyomletea ilikuwa nzito kama nyundo. Kwenye boksi lake waliandika namba yenye masufuri mpaka nafasi ikawaishia. Ina king'ora. Ina taa nyekundu ubavuni, sijui ya kumtisha nani. Ukiibonyeza mara ya kwanza inawaka, ya pili inafifia, ya tatu inapepesa kama imepagawa, na huwezi kuizima mpaka upite huko kote. Haina mahali pa kutia betri. Betri imefungiwa ndani kwa skrubu ambazo bisibisi zangu zote zimeshindwa kuzifungua, na ikiisha nguvu unaichaji. Mwanamke asiye na umeme nimempelekea tochi ya kuchaji! Ikawa kila baada ya siku tatu inapelekwa kwa kinyozi wa barabara ya pili, inashinda pale kati ya mashine za kunyolea, inarudi na nywele za watu.

Mwanzoni iliwaka vizuri, na ubaya wake uko hapo hapo. Ingezimika siku moja tukajua imekufa, ningeisamehe. Yenyewe ilikufa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kila wiki ikipunguza, na macho ya Mama Vifaranga yakaizoea. Hakuna aliyegundua mpaka yalipofika mayai ya dobi.

Dobi wetu ni mama mkimya, mwembamba, mikono imechakaa kwa sabuni. Nusu ya mashati unayoyaona mtaani asubuhi yamepita chini ya pasi yake. Alikuwa na kuku weusi aliorithi kwa marehemu mama yake, hakuwachanganya na kuku wa mtu, na alikuwa akiwasemesha kama watoto. Alileta mayai arobaini. Siku ya tisa baada ya kuyaleta, kideri kikaingia bandani kwake. Kwa siku nne ugonjwa ule ulifagia kuku wote na jogoo wao. Alikuja akasimama mlangoni kwa Mama Vifaranga, povu la sabuni bado liko kwenye viwiko, akasema:

"Mama, bandani hakuna hata mmoja. Waliobaki ni hao walio ndani ya sanduku lako."

"Hao ninao," Mama Vifaranga akamjibu. "Nenda kapumzike."

Kesho yake ilikuwa siku ya kumi na nne. Mayai matano yalikwisha kutolewa siku ya saba, aliyoyaona makavu. Safari hii akatenga kumi na moja, akasema yamekufa. Ana utaratibu wake: katika yale aliyoyatenga huvunja moja kwenye kibakuli, ili ajue kifaranga alikufa siku ya ngapi, na kama kosa lilikuwa la joto au la maji. Nilikuwa palepale nikirekebisha bawaba ya mashine. Nikasikia ganda linalia, kisha akaniita, "Shemeji," kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Kwenye kibakuli alikuwapo kifaranga mdogo, macho makubwa meusi, kifua kinapiga. Kilipiga muda mrefu, mrefu kuliko nilivyotaka kutazama. Yai likishafunguka halirudishwi. Shemeji yangu hakuondoa macho mpaka kifaranga alipotulia. Halafu akayarudisha yale kumi yaliyobaki mbio mbio kwenye trei, akayatia alama ya msalaba kwa penseli, akanikabidhi tochi yangu ya king'ora bila kunitazama.

"Katika haya kumi yapo yaliyokufa na yapo yaliyo hai," akasema. "Yepi, sijui. Nikiyaacha yote, moja likipasuka limeua trei ya dobi. Nikiyatoa yote, nimeua mwenyewe. Siku ya kumi na nane nayashusha kwenye trei ya kutotolea, na baada ya hapo hayaguswi. Nina siku nne. Nataka tochi."

"Tutanunua nyingine, shemeji."

"Sitaki nyingine kama hiyo. Nataka inayowaka kweli, mwanga mweupe, isiyopepesa, isiyopiga kelele. Nataka ya betri za kawaida, zinazouzwa hapo dukani kwa jirani, nikiona inafifia nibadili saa ileile. Na isiwe bei ya ng'ombe. Kwani nimeomba makuu?"

Hakuomba makuu hata kidogo. Usiniambie habari ya simu, yangu tuliijaribu. Mwanga wake unatawanyika, unakupiga wewe machoni badala ya kuingia kwenye yai, na maganda ya kuku wale ni kahawia iliyokoza. Simu yake yeye ni ya vibonyezo, ina kitaa cha kutafutia kandambili chini ya kitanda.

Kesho yake tukaenda madukani. Kabla ya kutoka alichukua yai moja la kuku wake mwenyewe, la kahawia, la umri uleule wa mayai ya dobi. Alijua liko hai, ingawa kwa tochi yangu alikuwa ameling'amua kwa shida. Akalifunga kwenye kitambaa chenye joto, akalitia kifuani.

"Unalipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Likachague tochi. Mimi na wewe tulishadanganywa na boksi." Akanyoosha mtandio wake. "Kuku naye huacha kiota akaenda kula. Tukiwahi, halitadhurika. Tembea haraka, acha hatua zako za bwana harusi."

Duka la kwanza lilikuwa la vyombo vya umeme, la kijana mwenye kalamu sikioni. Alituwekea mbele mitambo mitatu, yote ya ukoo wa ile yangu. Mmoja ulikuwa na redio ndani yake.

"Inatumia betri gani hii, mwanangu?" Mama Vifaranga akauliza.

"Haina mambo ya betri, mama. Unachaji tu. Dunia ilishahama huko kwenye betri."

"Ilihama bila kuniaga. Mimi sina umeme. Zima hiyo taa ya duka nijaribu na yai langu."

Kijana alitutazama kama wagonjwa. Akauliza, likipasukia kwenye kaunta yake nani atapangusa? Kutoa fedha unaruhusiwa bila kujaribu, lakini kujaribu bila kutoa fedha ni kosa. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia na mengine ambayo shemeji yangu alinivuta mkono kabla sijayamaliza.

Duka la pili walikuwa nayo ya betri. Moyo ukatulia. Ilikuwa fupi, nzuri, inang'aa. Mama Vifaranga akaifungua nyuma, akakuta nafasi ya betri fupi nene, ambayo si ya redio, si ya saa, si ya kitu chochote nilichowahi kukiona katika maisha yangu.

"Betri zake zinauzwa wapi?"

"Hapa hapa kwetu, mama."

"Nipe basi."

"Zimeisha. Tumeagiza."

Niambie wewe, huo si wizi wa mchana kweupe? Unamuuzia mtu tochi, halafu betri yake unaifanya siri ya ukoo wako! Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nipate hewa, tukarudi nyumbani kulirudisha yai kwenye joto.

Siku iliyofuata tulikwenda duka la tatu, na huko ndiko tulikopata ya betri tatu ndogo, za kawaida kabisa, zile za saa ya ukutani. Bei ilikuwa ya kuuma lakini si ya kuua. Muuzaji, bwana mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alikubali tuijaribu. Mama Vifaranga akajifunika mtandio kichwani pamoja na yai na tochi, akakaa humo. Wateja wakaanza kusogea, mmoja akaniuliza kama mama ana kizunguzungu.

Akajifunua. "Katikati ina kivuli. Naona mawingu tu."

"Mama, hiyo ni kali kupita zote," bwana yule akasema, akigonga boksi kwa kidole. "Imeandikwa hapa. Soma namba hiyo."

"Mimi nimeisoma, baba. Yai langu halijui kusoma."

Watu wakacheka, na yule bwana akaanza kuzirudisha betri kwenye pakiti yao huku amenuna. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawafikiria watu wanaokaa mahali fulani, wenye viti na feni, wakiamua kwamba mteja anahitaji king'ora, kisha wanachapa namba ya uongo na kwenda kula cha mchana. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba kuna mwanamke amejifunika mtandio katikati ya duka, anajaribu kuona kama kiumbe kiko hai.

Siku ya kumi na saba nilikuwa nimekata tamaa. Tulipita kwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakonunua misumari, si kwa tochi, bali kwa gundi yangu. Muuza misumari alipoelezwa shida yetu alikimbilia juu kabisa kwenye rafu, akashusha lile jitu lenye king'ora, pacha wa la kwangu. Nilihisi mkono wangu unataka kufanya jambo. Lakini Mama Vifaranga alikuwa anaangalia kwingine. Kwenye ubao wa makufuli, chini pembeni, kilikuwa kimening'inia kitu chembamba cha chuma, urefu wa kidole.

"Na hiyo?"

"Hiyo?" Muuza misumari akaona haya kwa niaba ya kitochi hicho. "Aah, mama, hiyo ya kutafutia tundu la kufuli. Nikikuuzia hiyo utanitukana."

"Betri gani?"

"Moja tu. Hizi ndogo." Akakuna kichwa, kwa sababu betri zake mpya zilikuwa stoo. Halafu, na kwa hili nitamheshimu siku zote, akapanda kwenye kigoda, akashusha saa ya ukutani, akaitoa betri yake akaitia kwenye kile kitochi. Saa ya duka ikasimama saa nane na robo.

Mama Vifaranga akalitoa yai lake kifuani, akajifunika. Alikaa humo mpaka nikaogopa.

"Shemeji," sauti ikatoka ndani ya mtandio. "Ingia."

Nikaingiza kichwa, mtu mzima mimi, mbele ya mafundi bomba wawili. Mdomo wa tochi ulikuwa mwembamba, umekaa juu ya yai kama umepimwa, na mwanga wote ulikuwa umeingia ndani. Mishipa ilikuwa imetanda kila upande, myekundu, naweza kuihesabu. Katikati kitu kikageuka, kama mtu anayejigeuza kitandani akiamshwa mapema. Nilipotoa kichwa nje macho yalikuwa na maji, na mafundi bomba waliona.

Bei yake haikufika bei ya kopo langu la gundi. Nilidhani hapo hasira itaisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Tulipokuwa tunarudi nilipitia makusudi yale maduka matatu. Nilichungulia chini ya vioo vya kaunta na nyuma ya makufuli. Kilikuwapo, kitochi kilekile, katika maduka yote matatu! Cha kwanza kilikuwa kimening'inia shibiri moja kutoka kwenye sikio la yule kijana wa kalamu. Hakuna aliyetuonyesha, kwa kuwa faida yake ni ndogo na hakina masufuri.

Siku ya kumi na nane mchana Mama Vifaranga alijifungia na mayai ya dobi. Nilingoja nje ya mlango. Katika yale kumi yenye msalaba, manane yalikuwa hai na mawili yamekufa. Katika yale ishirini na manne aliyodhani ni mazima akakuta moja limekufa. Akayatoa hayo matatu, akayashusha mengine kwenye trei ya kutotolea. Nikapiga makofi. Yeye hakupiga. Alitoka na daftari lake, lile la kuandikia ya kila mteja, akakaa kwenye kigoda akawa anafunua kurasa kurudi nyuma.

"Zamani katika arobaini nilikuwa natoa makavu mawili, matatu," akasema. "Tazama hapa. Mwezi wa kwanza wa tochi yako, matano. Wa pili, tisa. Shemeji, jogoo wako nilikwambiaje?"

Jogoo wangu alikuwa anaitwa Jemedari, mwekundu, mwenye kifua mbele, akiwika majirani wanageuza mito. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimempelekea shemeji mayai ishirini, akatoa kumi na mawili siku ya saba.

"Ulisema amekwisha nguvu," nikamjibu. "Ulisema nimle."

"Ukamla."

"Tukamla. Wewe nilikuletea paja."

Hakuna aliyekuwa amegundua kwa sababu mayai anayoyatoa siku ya saba hayavunjwi. Yanakwenda kwa mwenye mbwa wa ulinzi, naye huyachemsha na maganda yake. Mbali na Jemedari, majogoo wanne wa mtaa huu waliingia chunguni kwa kosa la tochi. Jioni ileile alipita nyumba zote nne. Mlangoni alikuwa akisema maneno yaleyale: "Jogoo wako hakuwa na kosa. Niliona vibaya mimi." Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. Mwingine alimfungia mlango usoni, na shemeji akasema ana haki yake. Mimi nilikuwa nyuma yake nikieleza habari za betri na masufuri, hakuna aliyenisikiliza.

Siku ya ishirini na moja dobi alikuja na boksi alilolitandika kitambaa kilichopigwa pasi. Vifaranga walikuwa ishirini na tisa, weusi, wanapiga kelele kama wanadai. Alimshika mmoja, akamweka shavuni. Hapo Mama Vifaranga angeweza kunyamaza. Nilitamani anyamaze.

"Dobi, kaa nikwambie," akasema. "Mmoja nilimvunja akiwa hai. Nilimwona akifa. Na yale matano ya siku ya saba niliyokwambia makavu, sijui. Huenda yalikuwa hai yote. Yalikwenda kwa mbwa."

Dobi alimrudisha kifaranga ndani ya boksi polepole. Sikuweza kuvumilia, nikaruka.

"Si yeye, mama! Ni ile tochi! Nimeinunua mimi, waliniuzia uongo, betri imefungiwa ndani, imeandikwa masufuri, na hao wenye maduka wote wanajua, wote..."

"Fundi," dobi akanikatiza, bila kupandisha sauti. "Mimi nikiunguza shati la mtu, silaumu pasi."

Mama Vifaranga alitazama chini. Dobi akamshika mkono, akaukaza, akauachia.

Nilibeba boksi la vifaranga hadi kwa dobi. Tulipofika akafungua banda jipya alilolipaka chokaa, akawaweka mmoja mmoja, na wa mwisho alipoingia akabaki amechuchumaa pale, kiganja kitupu kimefunguka, kama kuna mwingine anayemngojea. Niliaga, hakusikia.

Neno lake la pasi nimelikubali. Lakini wale wauza tochi sijawasamehe, na asubuhi, badala ya Jemedari, naamshwa na simu.